Tela kuukuu kuwa nyumba: yale tuliyojifunza Misungwi



Katika taarifa yetu ya mwaka tuligusia kwa sentensi moja kwamba mwinjilisti wetu mmoja wilayani Misungwi anaishi na familia yake katika tela la zamani lililokarabatiwa. Sentensi hiyo imetuletea maswali mengi. Kamati za sharika zimeuliza kama nazo zinaweza kupatiwa tela la namna hiyo kwa ajili ya watumishi wao wasio na nyumba. Baadhi ya wafadhili wetu wa nje wameuliza kama wanunue matela ya zamani huko kwao, ambako hupatikana kwa bei ndogo, na kuyatuma huku kwa meli.

Tumeona ni vema kujibu wote kwa pamoja. Jibu letu kwa kifupi ni kwamba tela kuukuu linaweza kuwa makazi mazuri ya muda, lakini gharama yake halisi iko mahali pasipoonekana kwenye picha: kwenye paa, chini ya sakafu, na kwenye kiwanja linaposimama. Sisi tuliligundua jambo hili kwa kuchelewa, na familia ya mtumishi wetu ndiyo iliyolipia kuchelewa kwetu. Tunaeleza yote, pamoja na makosa yetu, ili wengine wasiyarudie.

Tela la kuishi ni kitu gani?

Wazungu huliita karavani, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ya kwanza ni msafara. Kwa mababu zetu wa Usukumani na Unyamwezi msafara ulikuwa wapagazi waliotembea kwa miguu hadi pwani ya Bagamoyo wakiwa na mizigo mabegani. Nyumba yenye magurudumu kwa ajili ya matembezi ilianza kujulikana Uingereza mwaka 1885, pale Dk. William Gordon Stables alipotengenezewa gari la kukokotwa na farasi aliloliita Wanderer, akasafiri na kulala humo. Magari ya injini yalipoenea, farasi akaondoka na tela likabaki.

Bara letu pia liliwahi kuyaona matela hayo kwa wingi. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mtengenezaji wa matela ya bati la alumini yaitwayo Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, ambako walifika mwaka 1960. Walipitia Ethiopia na kupokewa na Mfalme Haile Selassie. Barabara za wakati ule ziliwatesa sana. Matela yale yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya lami na kwa watu wa mapumziko ya wiki chache, wanaorudi nyumbani likizo ikiisha.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Tela la kutembelea halikuundwa likae juani miaka mitano mfululizo huku watoto wakiingia na kutoka mara mia kwa siku. Tukitaka litumike hivyo, inabidi tulibadilishe.

Hapa Misungwi si jambo geni kuona watu wakiishi katika nyumba za kuhamishika. Wilaya yetu imepitiwa na kazi kubwa: chanzo cha maji cha Ihelele kinachopeleka maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Fela mwaka 2021, na Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Kazi za aina hii huja na kambi zake. Hata hivyo kampuni ina mafundi wake wa kutunza kambi, na kazi ikiisha kambi huondoka. Usharika hauna karakana, na mtumishi hubaki.

Ilivyokuwa kwetu

Tela letu halikununuliwa. Familia moja ya watumishi wa kigeni waliofanya kazi nasi zamani waliliacha waliporudi kwao, nalo likakaa nyuma ya karakana mjini Mwanza kwa miaka mingi. Kuku walitagia chini yake. Lina urefu wa meta 5.5 na upana wa meta 2.1, fremu ya mbao, na ngozi ya bati jembamba la alumini.

Mwaka 2022 mtaa wetu mmoja mpya, kilomita chache kutoka barabara ya Usagara kwenda Kigongo, ulikuwa na mwinjilisti asiye na nyumba. Alipanga chumba mbali na waumini wake, na kila siku alitembea au kuomba lifti ya baiskeli. Kiwanja cha kanisa kilikuwa bado hakijathibitishwa na kijiji, kwa hiyo hatukuweza kujenga. Mzee mmoja wa kanisa akakumbuka lile tela. Marafiki wa usharika mmoja wa nje wakakubali kutoa fedha za ukarabati, nasi tukafurahi.

Tulianza na mambo yanayofurahisha macho. Tulisafisha, tukapiga rangi nje na ndani, tukashona mapazia na kuweka godoro jipya na meza ya kukunja. Tukapiga picha, tukazituma kwa wafadhili, nao wakapongeza. Mwezi Oktoba mwinjilisti, mkewe na watoto wao wawili wakahamia kwa maombi na nyimbo.

Mvua za vuli zilipoanza, maji yakaingia. Hayakuingia mahali pamoja. Yalishuka ndani ya kuta, yakatokea chini ya dirisha, juu ya kitanda, na kwenye kona ya mlango. Mzee wa kanisa alipokwenda kuwajulia hali asubuhi, mama wa nyumba alimwamkia "Shikamoo baba," kisha akamwonyesha beseni tatu zilizojaa. Hakulalamika. Alisema tu kwamba watoto wamekohoa usiku kucha, na kwamba wameomba kurudi kwenye kile chumba cha kupanga. Wiki hiyo hiyo wakarudi.

Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa kigumu. Wajumbe waliuliza kwa haki kabisa ni nani aliyekagua paa kabla rangi haijanunuliwa. Jibu lilikuwa kwamba hakuna aliyekagua, wakiwemo sisi wa ofisi ya miradi tuliosaini malipo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliupaka ufa rangi.

Kwa nini matela ya zamani huvuja

Ili kamati zielewe, tueleze tela limeundwaje. Ukuta wake una tabaka tatu. Nje kuna bati la alumini, katikati kuna fremu ya mbao nyembamba zilizojazwa sponji ya kuzuia joto na baridi, na ndani kuna plaiwudi nyembamba. Mabati hukutana kwenye kona, na juu ya maungio hayo hupita ukanda wa alumini uliofungwa kwa skrubu. Chini ya ukanda kuna gundi laini ya kuzuia maji.

Gundi hiyo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Bati hutanuka mchana kwa jua na kusinyaa usiku, na kila siku nyufa huongezeka. Maji huingia kwa juu, yakateremka polepole kwenye mbao, na kwa sababu kuna bati upande wa nje na plaiwudi iliyopakwa rangi upande wa ndani, hayana pa kutokea. Mbao huoza kimya kimya. Siku doa linapoonekana ndani, uozo una umri wa miaka.

Ndiyo maana rangi mpya ya ndani ni hatari. Haizuii maji, ila inaficha madoa ambayo yangetuonyesha maji yanapita wapi.

Jinsi ya kukagua

Baada ya somo hilo tulitafuta fundi seremala na fundi wa kuchomelea, tukaanza upya. Ukaguzi walioufanya hauhitaji vifaa vya gharama, na kamati yoyote inaweza kuufanya kabla ya kukubali tela.

Kwanza, ingia ndani na ufunge mlango na madirisha kwa dakika chache. Harufu ya uvundo ni dalili ya unyevu hata kama huoni doa.

Pili, bonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa kwenye kona, chini ya madirisha na kuzunguka matundu ya hewa ya paani. Plaiwudi nzima ni ngumu. Ikibonyea, nyuma yake mbao zimeoza.

Tatu, tembea polepole sakafuni. Sakafu inayonesanesa imeachana tabaka zake. Kisha lala chini ya tela na uchokoe mbao za sakafu kwa bisibisi.

Nne, kagua chesisi. Gonga vyuma kwa nyundo ndogo, hasa mahali ekseli inaposhikwa na pale shingo ya kuvutia inapoungana na fremu. Kutu ya juu juu husuguliwa. Kutu inayobanduka kwa magamba ni kazi ya kuchomelea.

Tano, soma matairi. Tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi linaweza kuonekana zima lakini likapasuka baada ya kilomita kumi kwa sababu mpira umezeeka.

Sita, mwagia maji. Panda ngazi, mwaga ndoo moja moja taratibu kwenye kila ungio huku mwenzako akiwa ndani na tochi. Kazi hii ni ya saa mbili. Tungeifanya mwaka 2022, tungeokoa msimu mzima.

Mpangilio wa kazi

Ukarabati wa pili ulifanyika mwaka 2023 wakati wa kiangazi, na ulifuata mpangilio ambao sasa tunaupendekeza kwa wote: chesisi, paa, kuta, sakafu, halafu mengineyo. Rangi na mapazia ni vya mwisho.

Chesisi ilisuguliwa, ikachomelewa panapohitajika na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kanda zote za kona ziling'olewa, gundi ya zamani ikakwanguliwa yote, ikawekwa mpya, na skrubu zilizoshika kutu zikabadilishwa. Mbao zilizooza zilikatwa hadi kufikia mbao nzima, zikaungwa kwa mbao zilizokaushwa vizuri na kupakwa dawa. Kisha tulisubiri. Fundi alikataa kufunga kuta mpaka mbao zote zikauke, na tela likakaa wazi chini ya turubai kwa wiki kadhaa. Subira hiyo haikumfurahisha mtu, lakini kufungia unyevu ndani ni kuanza tena kuoza.

Jambo jingine ni uzito. Chesisi ya tela hubeba kiasi maalumu tu. Mjumbe mmoja alishauri sakafu ya vigae, mwingine akapendekeza tangi la maji ndani. Lakini plaiwudi moja nene ya milimeta 18 ina kilo 30 hivi, na pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200. Tulikubaliana kwamba kila kizito kikae nje.

Tahadhari moja ya afya: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Usisugue rangi hizo kwa msasa mkavu. Lowesha kwanza, vaa barakoa, na watoto wakae mbali hadi vumbi lote lifutwe.

Paa la pili

Hata baada ya kuziba kila ungio, mafundi walitushauri kujenga paa jingine juu ya tela lote. Tulisita kwa sababu ya gharama. Leo tunasema bila kusita kwamba hili ndilo lililoifanya ile kuwa nyumba.

Tulisimamisha nguzo, tukaweka kenchi na mabati, urefu wa meta 9 kwa upana wa meta 5. Kati ya bati na paa la tela tuliacha nafasi ya zaidi ya nusu meta ili upepo upite. Faida zake ni tatu.

Ya kwanza ni joto. Bati la alumini likipigwa na jua la Misungwi moja kwa moja, ndani hapakaliki saa nane mchana. Kivuli na upepo hupunguza sana joto hilo.

Ya pili ni mvua. Gundi za tela hazipigwi tena na jua wala maji, kwa hiyo hudumu zaidi.

Ya tatu ni maji ya matumizi. Milimeta moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu lina meta za mraba 45, hivyo mvua ya milimeta 10 inaweza kutoa hadi lita 450, ukiacha zinazopotea njiani. Mifereji ya bati huyapeleka kwenye tangi la plastiki lililokaa chini, nje ya tela. Paa la tela peke yake lingekinga robo tu ya hayo.

Pembeni mwa tela, chini ya paa hilo hilo, imepatikana baraza. Hapo ndipo familia inapokaa, ndipo mgeni anapopokelewa, na ndipo mwinjilisti anapofundishia watoto wa Kipaimara. Bila baraza, tela zima lina eneo la meta za mraba 11.5, yaani chini kidogo ya chumba kimoja cha meta 3 kwa 4. Ni muhimu kamati zielewe hivyo: nyumba nzima ni sawa na chumba kimoja.

Ardhi ya kusimamia

Wasukuma hutofautisha udongo kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga, na mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mara ya kwanza tulisimamisha tela karibu na mbuga kwa sababu palikuwa na nafasi. Baada ya mvua upande mmoja ulizama, mlango ukakataa kufungwa. Mara ya pili tulilihamishia kwenye luseni, mahali palipoinuka.

Tela lisikae kwa uzito wote juu ya matairi, wala juu ya vile vijeki vidogo vya pembeni, ambavyo kazi yake ni kulituliza lisitikisike tu. Chesisi iegemezwe karibu na ekseli. Sisi tulitumia mawe na matofali ya saruji badala ya magogo, kwa sababu gogo ni ngazi ya mchwa. Juu ya kila nguzo tuliweka kipande cha bati kilichokunjwa kingo ili mchwa akipanda aonekane mapema. Mwisho, tela lilifungwa kwa minyororo kwenye vyuma vilivyozamishwa kwa zege, kwa ajili ya pepo kali zinazotangulia mvua.

Hewa, moto na umeme

Nafasi ndogo huchafuka hewa haraka. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga Marekani mwaka 2005, serikali ya huko iliwapa maelfu ya familia matela ya kuishi. Watu wakalalamika kuumwa macho, koo na kifua. Mwaka 2008 kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti magonjwa kilitangaza matokeo ya vipimo vya matela 519, na wastani wa kemikali iitwayo fomaldehaidi ulikuwa sehemu 77 kwa kila bilioni ya hewa, juu ya kiwango cha kawaida cha nyumba za huko. Kemikali hiyo hutoka kwenye gundi ya mbao za viwandani, na huongezeka kukiwa na joto na unyevu. Matela yale yalikuwa mapya. Tela la zamani limekwisha kutoa sehemu kubwa ya gundi yake, lakini tukilijaza mbao mpya za vumbi la kubandikwa, tunairudisha. Kwa hiyo kabati na vitanda vyetu ni vya mbao halisi, na madirisha mawili yanayotazamana hufunguka na yana wavu wa mbu.

Kupika ni nje, chini ya paa. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya tela, hata usiku wa baridi, kwa sababu moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya sakafuni, hivyo mtungi nao hukaa nje. Tela likishika moto huteketea kwa dakika chache, na lina mlango mmoja tu. Tulihakikisha dirisha la upande wa kitanda linafunguka kutoka ndani na mtu mzima anaweza kupita, tukawafundisha watoto kulitumia.

Kwa mwanga tuna paneli ya jua ya wati 100 na betri. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 100, na siku yenye jua zuri paneli hiyo huweza kuzalisha mara tatu au zaidi ya kiasi hicho, hivyo simu na redio pia huchajiwa. Ikiwa mtavuta umeme wa gridi, tumieni fundi mwenye leseni, na mwili wa tela uunganishwe na waya wa atha. Tela ni bati, na waya mmoja uliochunika unaweza kuufanya mlango wenyewe kuwa na umeme.

Choo na bafu vimejengwa nje kama kwa nyumba nyingine yoyote. Vyoo vya ndani ya matela huhitaji dawa na mahali maalumu pa kumwagia, navyo havifai kijijini. Tulikiondoa, na nafasi yake imekuwa kabati la nguo.

Haki ya kiwanja

Kuna waliodhani kwamba kwa kuwa tela lina magurudumu, halihitaji ruhusa. Sivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Tulikwenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, tukaeleza kwamba tunaomba mahali pa muda, na makubaliano yakaandikwa. Kuonyesha mapema kwamba tela linaweza kuondolewa kulijenga imani. Mwaka 2024 kijiji kilithibitisha kiwanja cha kanisa, na hapo ndipo tulipoanza kuzungumzia nyumba ya kudumu.

Je, tela linafaa kwenu?

Tukirudi kwenye maswali yenu, ushauri wetu ni huu.

Tela linafaa pale ambapo tayari lipo karibu, chesisi yake ni nzima, familia ni ndogo, na kiwanja hakijawa cha uhakika. Faida yake kubwa ni magurudumu. Kama hamna mpango wa kulihamisha, fedha hizo hizo zianze msingi wa nyumba ya matofali.

Halifai kwa familia kubwa, wala mahali ambapo hakuna mtu aliyekabidhiwa kulitunza. Na kwa wafadhili wetu wapendwa tunasema kwa shukrani na kwa ukweli: msinunue matela huko na kuyatuma. Mkijumlisha meli, bandari, ushuru na usafiri hadi Mwanza, kisha ukarabati ambao lazima ufanyike, tela la bei ndogo huwa ghali kuliko chumba cha matofali. Rahisi ghali.

Wengine wameuliza kuhusu kontena. Kontena la futi 20 lina urefu wa meta 6.06, upana wa meta 2.44 na kimo cha meta 2.59. Ni imara kuliko tela, halivuji kirahisi, na mchwa hauli chuma. Lakini lina joto zaidi, linahitaji winchi kulishusha, na ukilitoboa madirisha ovyo unalidhoofisha. Sakafu yake ya mbao mara nyingi imetiwa dawa kali ya wadudu, kwa hiyo soma kibao cha chuma kilichopo mlangoni kinachotaja dawa hiyo, kisha funika au badilisha sakafu kabla mtu hajalala humo. Na kontena pia linahitaji paa la pili.

Hesabu yetu

Katika awamu ya pili, zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye chesisi, maungio, mbao za ndani ya kuta na lile paa la mabati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopendeza kwenye picha. Tuliwaandikia wafadhili wa awali tukawaeleza kwamba picha tulizowatumia mwaka 2022 zilikuwa za nyumba inayovuja, na kwamba kosa lilikuwa letu. Waliongeza msaada, na wakaomba kwamba tangu sasa tuwatumie kwanza taarifa ya ukaguzi iliyosainiwa na fundi, ndipo picha zifuate. Sasa huo ndio utaratibu wa ofisi yetu kwa majengo yote.

Familia ilihamia tena kabla ya vuli ya 2023. Mvua ya kwanza iliponyesha usiku, mzee wa kanisa alikwenda asubuhi na mapema bila kualikwa, akazikuta beseni zimepangwa kavu barazani, na mama akisonga ugali. Tangu hapo, kila mwezi Septemba wajumbe wawili wa mtaa hupanda ngazi na ndoo na kukagua maungio, na matokeo huandikwa katika daftari la mtaa.

Nyumba ya kudumu itakapokamilika, magurudumu yatafungwa tena na tela litakwenda kwenye mtaa mwingine unaoanza. Sharika zenye uhitaji zinaweza kuwasilisha maombi kupitia jimbo. Kila ombi liambatane na mambo matatu: makubaliano ya kijiji kuhusu mahali pa kusimamia, jina la fundi atakayelikagua kila mwaka, na bajeti ya paa la pili. Mapazia tutasaidiana kuyashona baadaye.